Kabla Hujanunua Kamera ya Harusi, Fungua Kifuniko cha Chini



Mfungo mosi umeingia, harusi zimeanza tena kisiwani kwetu, na swali tunaloulizwa kuliko yote si la hina wala la shela. Ni la kamera. "Dada zangu, ninunue kamera gani ya kuingia nayo chumbani?" Wengine wanakuja na jina waliloliona mtandaoni, wengine wameletewa na kaka kutoka Maskati na wanataka tuwaambie kama ni nzuri. Sisi huwajibu kwa swali: umeishika mkononi? Umefungua kifuniko chake cha chini?

Anayeulizwa hivyo hushangaa, maana alitaka kusikia habari za megapikseli. Megapikseli ni maneno ya boksini. Kamera inakusumbua au kukufaa kwa mambo ambayo boksi haliyasemi: kitufe kilipo, mlango unavyofunga, inavyochelewa kuamka, inavyoficha picha. Na sisi tulijifunza hayo kwa njia mbaya, kwa hiyo leo tutasema yote, pamoja na lile ambalo tumelikalia kimya kwa muda mrefu. Wenyewe wanaohusika tumewaomba ruhusa.

Kwa asiyetujua, sisi ni wawili, dada na mdogo wake, wa Chake Chake. Tunapiga picha upande wa wanawake tu: singo, hina, kupamba, na siku biharusi anapokaa kitini. Hatuna studio. Tuna mkoba mmoja, kamera mbili ndogo na daftari la miadi. Wapo wasiotaka picha kabisa majumbani mwao, na wanazuoni wamelizungumza suala hilo kwa kirefu. Hatuko hapa kufutu, na nyumba isiyotaka picha tunakwenda kula pilau tu.

Kwa nini kamera ndogo? Ile kubwa yenye lenzi ndefu tuliwahi kuiazima mara moja. Kina mama walipoiona walijifunika kanga mpaka puani, na harusi nzima tukarudi na picha za kanga. Kamera ndogo haitishi. Unaitia ndani ya pochi, unaishika kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sahani, na bibi wa miaka themanini anakutazama wewe badala ya kutazama mtambo.

Na simu? Siku hizi harusi nyingi za kwetu simu zinaachwa mlangoni. Anakaa mtu mzima, mara nyingi shangazi aliye mkali kuliko wote, na beseni au kikapu, na kila anayeingia anaiweka simu yake humo. Si kwamba wanawake hawaaminiani. Simu yenyewe ndiyo haiaminiki. Picha ikipigwa inaweza kupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mtoto akiichukua simu kucheza gemu keshaiona. Na kidole kikiteleza kwenye WhatsApp, picha imekwenda kwenye kundi la ukoo lenye wajomba arubaini. Jambo hili si la Pemba peke yake. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, ametoa kitabu kizima mwaka 2013 juu ya upigaji picha katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na humo mna habari za wanawake wa Kiislamu wa pwani ya Kenya na wasiwasi wao kuhusu picha na video za harusi zinazotoka nje ya chumba. Kwa hiyo kamera ndogo isiyo na waifai ni kama jibu. Haina pa kuipeleka picha. Picha inakaa kwenye kadi, kadi inakaa mkononi mwa mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyoamini, na imani hiyo ndiyo iliyotuponza.

Mwaka wetu wa kwanza wa kazi tulimwoza mdogo wetu wa mwisho. Kamera tuliyokuwa nayo tuliinunua kwa mtu, mkono wa pili, bila boksi wala kitabu. Siku ya hina tukaanza kupiga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano kamera ikagoma. Ikaandika maneno ya Kiingereza kwenye kioo, tukayasoma mbio mbio, tukaambulia moja tu: imejaa. Imejaaje, na kadi ni mpya? Mmoja wetu akafungua kifuniko cha chini, akaiona kadi imechomoza kidogo, akaisukuma kwa ukucha mpaka ikalia "tiki". Kamera ikakubali. Tukaendelea mpaka usiku, picha mia mbili na kitu, tukamshukuru Mungu.

Kumbe kamera ile ilikuwa na kumbukumbu yake ya ndani. Kamera ndogo kadhaa zinayo: nafasi finyu ya picha chache tu, ili aliyesahau kadi asikose kabisa. Kadi isipokaa vizuri, kamera ya namna hii haisemi "sina kadi". Inapiga kimya kimya na kuweka picha tumboni mwake, na ishara pekee ni kialama kidogo kwenye pembe ya kioo ambacho mtu mwenye shughuli hakioni. Kisha kadi ikiingia, kamera inakuonyesha picha za kadi tu. Zile za tumboni huzioni tena mpaka siku utakayoitoa kadi. Sisi zile nne za mwanzo hatukuzikuta, tukadhani hazikushika kwa vile kadi ililegea. Hatukuzitafuta.

Baada ya miezi mitatu, mtoto wa kaka yetu, miaka kumi na minne, skuli yao ikapanga safari ya Misali, kile kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya mswala wake. Akatuomba kamera. Tukampa kwa hadhari kubwa: kadi yetu tuliitoa, tukaifungia kabatini, tukamwambia atafute ya kwake. Tukajiona werevu.

Kadi yake ilikuwa ile ndogo ya simu, imetiwa ndani ya adapta, na adapta ilikuwa imechoka. Wako mashuani, wametoka Wesha, kamera ikaikataa. Akaitoa, akaipuliza, na katika kubonyabonya akabonya kitufe cha kutazamia picha. Wenzake wawili walikuwa wamemwegemea mabegani.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mikono ya mdogo wetu. Ya pili yeye na rafiki yake wa utotoni, vichwa wazi, nywele zimefumuliwa, wanacheka. Ya tatu rafiki yule peke yake. Ya nne chumba kizima, na katikati yake mke wa mwalimu wao wa chuoni, kanga kifuani, amejiinamia anapaka mtu hina.

Mtoto yule, Mungu ambariki, alizima kamera, akaitoa betri, akavua shati akaifunga humo, na siku nzima akatembea Misali na fulana bila kupiga hata picha moja. Jioni aliiweka mbele yetu. Akasema, "Shangazi, mna picha humu." Akaenda kuoga. Hakula usiku ule.

Tungeweza kunyamaza. Watoto walikuwa wawili tu, na huenda hata hawakuona vizuri kwa jua lile. Tulilizungumza hilo usiku kucha, mpaka mama akatoka chumbani kwake akatuambia kwamba amana ikivunjika mwenyewe huambiwa, haachwi ayasikie barabarani. Asubuhi tukaenda.

Mke wa mwalimu tulimkuta anamenya muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini. Akauliza ni watoto wa nani, tukamwambia. "Wale nimewafundisha alifu mimi," akasema, akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akatupa na muhogo wa kwenda nao. Rafiki wa mdogo wetu alikuwa jambo jingine. Yeye mwenyewe alikuwa amebakisha wiki chache aolewe, na mmoja wa wale watoto wawili alikuwa mdogo wa mchumba wake. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Ipi?" Tukamweleza picha ilivyo. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Harusi yake hatukualikwa. Ngoma tuliisikia kutoka uani kwetu.

Basi ndiyo maana tunakwambia fungua kifuniko cha chini. Ukiwa dukani, kwa muuzaji, au nyumbani kwa aliyekuletea, itoe kadi, uiwashe kamera, upige picha. Ikikataa na kukuambia hakuna kadi, alhamdulillah. Ikikubali, ujue ina tumbo, na kila unapoazimwa au unapouza, tumbo hilo linatazamwa kwanza. Na kifuniko chenyewe kijaribu: kwenye kamera nyingi ndogo betri na kadi viko mlango mmoja, na kidoko cha plastiki cha mlango huo ndicho kinachovunjika kabla ya kitu chochote. Kamera yenye mlango uliofungwa kwa utepe wa gundi usiinunue hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Kitu cha pili ni kidole gumba chako. Ishike kamera kama utakavyoishika siku ya harusi, kwa mkono wa kulia, halafu tazama gumba limeangukia wapi. Kamera nyingi ndogo zina kitufe chekundu cha video hapo hapo nyuma. Gumba likigusa, inaanza kurekodi, na wewe umeiteremsha mkono unazungumza na watu. Tumewahi kurudi nyumbani na dakika sita za sakafu, miguu, na sauti za wanawake wakitaja mambo ya ndoa zao ambayo hatukupaswa kuyasikia mara ya pili. Tukafuta papo hapo. Kamera nyingine zinakuruhusu kukifunga kitufe hicho kwenye menyu, nyingine hazikuruhusu, na hilo muuzaji hajui, litafute mwenyewe.

Menyu nayo ina mambo yake. Kiswahili hatujakikuta kwenye kamera yoyote tuliyoishika. Kiarabu kipo mara nyingi, na tunawajua kina mama ambao Kiingereza hawakijui lakini kwa Kiarabu cha chuoni wanaokoteza maneno mawili matatu. Tatizo liko kwenye kamera za mkono wa pili zinazotoka Japani. Sony, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikiuza huko kwao kamera zenye menyu ya Kijapani peke yake, bila lugha nyingine ya kuchagua. Sura yake ni ile ile, jina lile lile, bei nzuri. Unaiwasha, unakutana na maandishi ya Kijapani mpaka mwisho. Kabla pesa hazijatoka mkononi, ingia kwenye menyu ya lugha uone orodha.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, maana hapa ndipo machozi ya watu yanapopotea. Simu ukiigusa inapiga. Kamera ndogo inahitaji kuamka kwanza: lenzi itoke, kioo kiwake. Halafu kitufe chake kina ngazi mbili. Unabonya nusu, kamera inatafuta fokasi na kupima mwanga. Unabonya mpaka chini, inapiga. Asiyejua hilo hubonya moja kwa moja kwa nguvu, kamera inaanza kutafuta fokasi wakati huo, na inapopiga jambo limepita. Biharusi anapofunuliwa shela na mama yake akamwona kwa mara ya kwanza, uso wa mama haungoji. Unaweza kuwahi au usiwahi. Sisi tunabonya nusu mapema, tunashikilia hapo, tunapumua, tunasubiri. Kajaribu hilo kwa mtoto anayekimbia kabla ya kununua. Kamera nyingine za bei ndogo, hata ukifanya hivyo, ukishapiga mara moja na flashi zinakaa kimya kwa sekunde kadhaa zikijichaji, na hakuna dua inayoziharakisha.

Flashi. Tazama iko wapi. Kwenye baadhi ya kamera iko pembeni mwa lenzi, mahali hasa ambapo vidole vya mkono wa kushoto hupenda kupumzika, na utapata picha zenye kivuli chekundu cha kidole. Sony RX100, ile ya kwanza ya mwaka 2012, flashi yake inachomoka juu kushoto, ukiikandamiza inashindwa kutoka. Ni kamera nzuri sana ile, kitambuzi chake cha mwanga ni kikubwa kuliko cha kamera za kawaida za mfukoni, lakini mwili wake ni laini kama sabuni. Ukiwa na mafuta ya nazi au msio mkononi lazima uvae kamba ya kiganjani.

Lakini jambo la flashi ambalo halimo katika kitabu chochote cha kamera ni udi. Chumba cha biharusi kimefukizwa, moshi umetanda, macho yako yameshauzoea huuoni tena. Flashi inauona. Inaupiga mwanga ule uliopo mbele ya lenzi, na picha inatoka ina ukungu mweupe na madoa kama mvua. Tulidhani kamera mbovu, tukaipeleka kwa fundi mpaka Wete. Fundi akainusa mfuko wake, akacheka. Siku hizi tunazima flashi, au tunamwomba somo autoe nje mtungi wa chetezo kwa dakika tano na madirisha yafunguliwe.

Ukizima flashi, unahitaji lenzi inayopokea mwanga mwingi, na hapo soma namba iliyoandikwa kuzunguka lenzi. Canon IXUS 185 ya mwaka 2017 imeandikwa 3.2 mpaka 6.9. Canon G7 X, iliyotoka 2014, imeandikwa 1.8 mpaka 2.8. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi. Ile namba ya pili ndiyo watu hawaielewi: ni ya pale unapovuta zumu mpaka mwisho. Kwenye IXUS ile, ukivuta zumu yote, unabakiwa na kama sehemu moja ya tano ya mwanga uliokuwa nao kabla hujavuta. Kwa hiyo usikae kona ya chumba ukavuta zumu. Inuka, sogea, waombe radhi wakubwa, ukae chini miguuni pa biharusi. Hata hivyo IXUS 185 tunaipenda kwa sababu moja: haina waifai. Ndugu yake 190, waliotoka pamoja, anayo.

Rangi. Kamera haijui kwamba buibui ni jeusi na shela ni jeupe; inataka kila kitu kiwe cha katikati. Ukipiga kundi la wanawake waliovaa mabuibui, inaona giza, inaongeza mwanga, na nyuso zinaungua. Ukimpiga biharusi aliyejaa shela jeupe, inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa mtoto wa watu unakuwa mweusi kama amekasirika. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa mabuibui unatoa, kwa shela unajumlisha. Kwenye G7 X ni gurudumu liko juu, unalizungusha kwa gumba bila kuingia popote. Kwenye kamera nyingine limezikwa ndani ya menyu, na kwenye mpangilio wa "otomatiki" halipo kabisa mpaka uhamie herufi P. Sisi kwa hili tungelipa zaidi.

Zile kamera zinazojisifu kutafuta sura za watu, zijaribu na mtu aliyevaa nikabu. Zinahangaika, kiboksi kinazunguka ukumbini kama mtu aliyepotelewa na mtoto, mwisho kinatulia juu ya picha ya paka kwenye kalenda ya ukutani. Wallahi tumeyaona. Jifunze kuiweka fokasi katikati.

Kioo cha kugusa ni kizuri mpaka siku ya hina. Mikono yenye hina mbichi haigusi kitu, na mikono yenye mafuta ikigusa, kioo hakielewi au kinaelewa visivyo. Tena kioo cha kugusa kina hatari ya mtoto kupitisha kidole na kufika kwenye picha ambazo hazimhusu. Tunapenda kamera yenye vitufe. Na kwa picha za pwani, kama mtakwenda Vumawimbi baada ya fungate, jua la saa sita litaufuta uso wa kioo chochote. Nyingi kati ya kamera hizi hazina tundu la kuchungulia, kwa hiyo mtapiga kwa kubahatisha. Nendeni alasiri.

Mchanga ni adui mkubwa kuliko maji. Lenzi inayotoka na kuingia ikipata punje chache inakwama nusu njia, kamera inaandika kosa, na fundi wa kuifungua si rahisi kumpata huku. Usiiweke kwenye pochi iliyokwenda pwani. Na unyevu wetu huu unaotesha ukungu ndani ya lenzi, kama nyuzi za buibui, ukiiacha kamera kabatini miezi. Itoe, iwashe, ipate hewa. Dukani iangalie lenzi kwa tochi ya simu.

Umeme hatutausemea sana. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010, kisiwa hakitegemei tena majenereta, lakini kukatika kupo na harusi haisubiri. RX100 ile ya kwanza inachajiwa yenyewe kwa waya, betri ikiwa ndani. Maana yake ikichajiwa haifanyi kazi nyingine. Kamera yenye chaja ya pembeni inakuwezesha kuwa na betri ya pili ikijaa ukutani. Kwa kipimo cha viwandani RX100 inatoa kama picha 330 kwa betri moja, G7 X kama 210. Hina peke yake inakula hizo.

Bei zinabadilika kila mara, hatutaziandika. Darajani na Kariakoo utapata zilizotumika. Mpya za aina hii zimekuwa chache.

Limebaki la kufuta. Ukibonya kufuta, picha haiondoki papo hapo kwenye kadi. Kinachoondoka ni anwani yake, na mtu mwenye programu ya kurudishia anaweza kuipata mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo sisi kadi ya harusi haiazimwi, haiuzwi, haipelekwi kuchapishwa ikiwa na zaidi ya picha zilizochaguliwa. Biharusi anakabidhiwa kadi yenyewe mkononi, na sisi hatubaki na nakala. Wengine wanatulaumu, wanasema vipi ikipotea. Ikipotea ni yake iliyopotea. Na kabla ya kamera kutoka mikononi mwetu, tunapiga picha za ukuta mpaka ijae, tumboni na kwenye kadi, halafu tunaisafisha kwa menyu.

Ile kamera ya Misali tuliifanyia hivyo mara tatu. Ukuta mtupu, dari, mlango. Hakikuwa na kitu tena ndani yake. Lakini hatukuiuza wala kuitumia. Ilikaa juu ya kabati la mama, imefungwa ndani ya shati lile lile la mtoto, kwa miaka sita.

Mwezi uliopita rafiki wa mdogo wetu alituletea ujumbe, wa kwanza tangu siku ile. Hakusalimu kwa marefu. Aliuliza kama kamera ile bado tunayo. Tukamwambia tunayo, na tukaanza kumwandikia habari za ukuta na dari, kwamba tumeisafisha, kwamba hakuna tena picha. Tukafuta tuliyoyaandika. Tukauliza tu: unataka tuifanyeje?

"Ivunjeni," akajibu.

Tuliivunja alasiri ile ile, uani, kwa mchi wa kinu. Mtoto wa kaka yetu, ambaye sasa ana ndevu, ndiye aliyeokota vipande. Tulimpigia picha kwa simu vile vipande, tukamtumia. Ameiona. Bado hajajibu.